Kitabu cha Ubora Kisiondolewe Chumba Namba Nne

Kiwanda cha Viti na Madawati,
Jengo la Nyuma, Chumba Namba Nne.
Alhamisi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kurekebisha Kiwango cha Usimamizi wa Ubora.

YAH: OMBI LA KUFUTA TOLEO JIPYA LA KIWANGO KABLA YA JUMATATU SAA MBILI ASUBUHI

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha barua kimeshasema neno kuu. Yaliyobaki nayasema mimi. Natumaini hujambo, wajumbe wenzako hawajambo, na kwamba mnaisoma barua hii mkiwa mmekaa. Ikiwa mmekalia viti vya kiwanda chetu, nawaomba msijitikise, kwa sababu nitakazozifikia kwenye lalamiko la tano.

Mimi ni Mwakilishi wa Uongozi kwa Mambo ya Ubora. Ni cheo kirefu, na kwa miaka kumi na tisa nimekibeba bila kukiangusha. Kazi yangu ni moja: kukitunza Kitabu cha Ubora, juzuu nne, kurasa mia nne na kumi na mbili, jalada la buluu, kilichoandikwa kwa kufuata toleo la zamani la kiwango chenu. Kitabu kinakaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo wa kufuli ya kwanza ninao mimi. Wa kufuli ya pili pia ninao mimi, maana kwenye mambo ya udhibiti hakuna kuaminiana.

Sasa mmetoa toleo jipya, na toleo hilo halikitaki Kitabu wala halinitaki mimi. Jumatatu saa mbili asubuhi mkaguzi anakuja kutuhamisha rasmi kutoka la zamani kwenda jipya. Siku hiyo hiyo Chumba Namba Nne kitageuzwa stoo ya gundi, Kitabu kitakwenda kusikojulikana, na mimi nitateremshwa karakana nikavae aproni, mtu wa miaka hamsini na sita. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mlifute toleo jipya. Najua leo ni Alhamisi. Lakini ninyi mliweza kuwavuruga watu wa dunia nzima kwa kikao kimoja, sidhani kama kuwatuliza kutahitaji viwili.

Ili msidhani naandika kwa hasira, malalamiko yangu nimeyapa namba.

1. KUHUSU KITABU.

Kitabu tuliletewa na mshauri mmoja mwenye mkoba wa ngozi. Alikaa kwetu siku tatu. Siku ya kwanza aliuliza choo kiko wapi. Siku ya pili aliuliza jina la kiwanda linaandikwaje. Siku ya tatu Kitabu kilikuwa tayari, kimejalidiwa, kina maandishi ya dhahabu mgongoni. Mimi wakati huo nilikuwa fundi seremala, na msumeno ulikuwa umetoka kuniumiza kidole gumba. Nikachaguliwa kukitunza kwa kuwa mkono wangu mmoja ulikuwa hauna shughuli. Nilimwuliza mshauri kama kweli Kitabu kinahusu viti. Akanijibu kwamba ubora ni ubora, hauchagui kazi. Jibu hilo lilinitosha, na linanitosha mpaka leo.

Nyuma ya Kitabu kuna fomu hamsini na tatu, na kila mwezi mimi huzitoa nakala nikazigawa karakana. Matokeo yake mtayaona wenyewe. Chukueni fomu namba 27, ya mapokezi ya mayai. Kwa miaka kumi na tisa kiwanda chetu hakijapokea yai bovu hata moja. Au fomu namba 31, ya joto la tanuri: kila asubuhi fundi msumeno wetu, tunayemwita Kipara ingawa ana nywele tele, ametia sahihi kwamba tanuri halikuzidi joto. Hatuna tanuri, na hiyo ndiyo sababu halikuzidi. Kuna viwanda vyenye tanuri ambavyo haviwezi kujigamba hivyo. Mwaka jana mkaguzi wenu mwenyewe aliziona rekodi za mayai, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akaandika kwenye ripoti kwamba hakuna dosari.

Mtauliza kama nimekisoma chote. Swali hilo halina adabu, lakini nitalijibu. Nimezisoma kurasa arobaini za mwanzo, zenye sera, sahihi ya Mkurugenzi na orodha ya kurasa. Zaidi ya hapo sijaenda, kwani kitabu kikifunguliwa mno hulegea mgongo, na mtunzaji anayekilegeza anachokitunza hafai. Tena tangu nizisome hizo, kila anayekifungua lazima aandike jina katika daftari la wafunguaji. Daftari hilo mpaka leo lina majina ishirini: kumi na tisa ya wakaguzi, na moja la mama mmoja aliyekosea mlango.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ninyi mmeuacha, na msala wenyewe sijauona ukifika.

2. KUHUSU CHEO.

Toleo jipya, naambiwa, halidai tena kuwe na Mwakilishi. Linasema ubora ni kazi ya kila mtu, kuanzia Mkurugenzi mpaka mfagiaji. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Miaka yote hii ubora wa kiwanda chetu ulikuwa na mahali panapojulikana: Chumba Namba Nne, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, isipokuwa wakati wa chai. Aliyeuhitaji alikuja akapiga hodi. Sasa umemwagwa karakana nzima kama vumbi la mbao, kila mtu anaukanyaga. Juzi mfagiaji alisimamisha kazi. Alisimama na ufagio wake, akasema ubao fulani usikatwe kwa sababu una ufa. Kipara akazima msumeno. Ubao kweli ulikuwa na ufa, lakini hilo silo ninalolizungumzia.

Nilipomweleza mke wangu kuhusu Jumatatu, aliinuka akaingia chumbani. Alifungua sanduku, akatoa aproni yangu ya kijani ya zamani, imefuliwa na kukunjwa, akaipiga pasi. Sikujua kwamba aliiweka muda wote huo. Jambo hili nimelichukulia kuwa ni njama.

3. KUHUSU MPWA WANGU.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyepewa kazi ya kutuhamisha, anayeitwa Mratibu wa Mpito, ni binti wa dada yangu wa tumbo moja. Zamani dada alikuwa akifua mashuka hospitalini zamu ya mchana, na mtoto akitoka shule alikuja kukaa nami Chumba Namba Nne, chini ya meza, mpaka mama yake apite kumchukua. Nilimpa muhuri wangu wa NAKALA HALALI achezee. Alijigonga mikono, magoti na paji la uso, akarudi kwao amedhibitiwa mwili mzima. Nikienda chai nilimwachia chumba na kabati likiwa wazi, maana ni mtoto wa nyumbani. Alikuwa mtoto mpole, ila na vijambo vyake. Siku moja, ana miaka tisa, nilimkuta karakana analamba mguu wa kiti. Nilimkaripia sana. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Mtoto huyo huyo amerudi na kompyuta mpakato, na kikaoni, mbele ya mafundi wote, akaniambia, "Mjomba, toleo jipya halihitaji Kitabu." Alisema kwa upole. Upole ndio ulioniuma, kwa sababu angesema kwa jeuri ningejua la kumjibu. Naomba pia iingie kwenye kumbukumbu zenu kwamba kazini mimi si Mjomba. Ni Mwakilishi, angalau mpaka Jumatatu.

4. KUHUSU HATARI.

Toleo la zamani lilikuwa la kistaarabu: jambo likiharibika, unajaza fomu. Jipya linataka watu wafikirie jambo kabla halijaharibika. Mnajua mnachokitaka, Ndugu Mwenyekiti? Mpwa wangu alimgawia kila mfanyakazi kikaratasi, aandike anachohofia kazini, bila jina. Watu ambao kwa miaka hawakuhofia chochote walitoka kikaoni wamejaa hofu. Mlinzi aliandika kwamba lango litaanguka. Jumatano ya wiki iliyopita likaanguka. Wote wakasema ama kweli toleo jipya ni kiboko. Mimi nasema walilitabiria. Lango lile lilisimama vizuri kabisa kabla halijatajwa.

Vikaratasi vikasomwa kwa sauti. Kimoja kilisema: "Naogopa kumwambia Mzee Muhuri kwamba viti vinacheza." Mzee Muhuri ndilo jina wanaloniita nikiwa sipo. Hakikuwa na jina, lakini herufi zilikuwa za Kipara, ninazifahamu kutoka fomu ya tanuri. Sikujua kwamba mtu ananiogopa. Tulianza kazi siku moja, mimi na yeye, tulikuwa tukishika ubao mmoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Nimeliandika hili hapa kwa sababu sikupata fomu yake.

5. KUHUSU WANAOKAA.

Chini ya toleo la zamani, mteja mwenye malalamiko alitakiwa kujaza fomu namba 9. Fomu namba 9 zinapatikana ndani ya kabati la chuma. Kwa utaratibu huu hatukupata lalamiko hata moja kwa miaka kumi na tisa, na kila mwaka nilimwandikia Mkurugenzi kwamba wateja wanaridhika kwa asilimia mia. Sasa toleo jipya linataka eti mteja afuatwe aulizwe. Ukimfuata mtu ukamwuliza, atakosaje la kusema?

Mpwa wangu alikwenda shule moja na zahanati moja, wote wateja wetu wa siku nyingi. Shuleni alikuta kila dawati limekunjiwa karatasi chini ya mguu mmoja. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba daftari za hesabu huisha mapema kuliko za masomo mengine kwa sababu karatasi zake ni ngumu. Zahanati mambo yalikuwa makubwa zaidi. Wagonjwa wanaosubiri kwenye viti vyetu wote walikuwa wameinamia kushoto. Muuguzi alikuwa ameshaandika kwenye mafaili, kwa miaka, kwamba watu wa eneo hili wana ugonjwa wa kuinamia kushoto, na walikuwa wanautafutia dawa.

Hapa naomba tufikiri pamoja kwa utulivu. Kiti kinapimwa kwa Kitabu. Kitabu, katika kurasa zote ambazo orodha inazitaja, hakina sura yoyote kuhusu miguu ya viti. Mimi siku zote nilichukulia kwamba hiyo ni hekima. Ikiwa Kitabu hakisemi neno juu ya miguu, basi hakuna mguu unaoweza kukikosea. Kiti hakina kosa. Vinabaki viwili: sakafu na mkaaji. Sakafu za nchi nzima hazijawahi kupewa cheti. Na mkaaji je? Seremala anasomea, mkaguzi anasomea, lakini anayekaa anakaa tu alivyojaliwa, mwingine kwa pupa, mwingine kwa upande, halafu kiti ndicho kinacholaumiwa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

6. KUHUSU MGUU WA NYUMA WA KUSHOTO.

Mpwa wangu, badala ya kuishia hapo, alipiga magoti karakana na rula. Akagundua anachokiita chanzo. Mafundi, wakitaka kukata mguu mpya, huuchukua mguu uliokatwa mwisho, wanauweka juu ya ubao, wanauzungushia penseli, wanakata. Kesho huo mpya ndio unaozungushiwa penseli. Miguu mitatu ilikuwa na kigezo cha bati ukutani, lakini wa nyuma wa kushoto kigezo chake kilipotea zamani, ukawa unanakiliwa mmoja kutoka kwa mwingine, na kila mara msumeno unakula kidogo. Kwa siku moja hakuna anayeona. Kwa miaka kumi na tisa, umekuwa mfupi kwa upana wa kidole.

Akaanza kuuliza kama kuna mtu anao mguu wa kwanza kabisa, ule ambao mingine yote ilizaliwa kwake. Aliuliza karakana, stoo, hata kwa mlinzi. Mwisho akaja Chumba Namba Nne, akasimama mlangoni, macho yakaenda dirishani. Dirisha langu halina komeo. Tangu nihamie humu nimelizuia lisijifunge kwa kijiti nilichopanda nacho kutoka karakana siku ile ya kwanza, nikiwa na bandeji mkononi. Aliuliza kile kijiti ni nini. Nilimjibu kwamba kijiti hakimo katika orodha ya vifaa vya ofisi, kwa hiyo kwa mujibu wa udhibiti hakipo, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuazimwa. Alisema, "Haya Mjomba," akaondoka.

Wamechukua cheo, wanachukua Kitabu, sasa wanataka na hewa.

7. KUHUSU KUKALISHWA.

Lalamiko hili ni fupi. Jana, mbele ya watu wote, mpwa wangu aliweka kiti kipya katikati ya karakana akaniomba nikikalie, nimwambie kama fundi nakionaje. Miaka yote mimi nimekalia kiti cha magurudumu kilichonunuliwa kwingine, ili nisije nikaonekana napendelea. Nilikaa. Kikalia tok. Nikahamisha uzito, kikalia tok upande wa pili. Nilisema sakafu haina cheti. Hakuna aliyecheka. Kipara aliangalia viatu vyake. Nilizoea kuchekwa nyuma ya mgongo na sikuwahi kujali, lakini kule kunionea huruma, Ndugu Mwenyekiti, sijakuzoea na sitaki kukuzoea.

MAOMBI.

Kutokana na yote hayo, naiomba Kamati yako tukufu itende yafuatayo, kwa mpangilio wa urahisi:

(a) Ilifute toleo jipya.

(b) Ikishindwa, iruhusu toleo la zamani liendelee kutumika ndani ya Chumba Namba Nne tu, mita tatu kwa mbili na nusu, mpaka nitakapostaafu baada ya miaka minne. Sitalitoa nje. Likihitaji kitu cha kudhibiti, litanidhibiti mimi.

(c) Itunge kiwango cha ukaaji. Kila raia afundishwe kukaa, apimwe, apewe cheti na kukihuisha kila baada ya miaka mitatu. Asiye na cheti asimame. Wagonjwa wa zahanati tajwa wafikiriwe kwanza, kwa kuwa tayari wana mazoezi.

(d) Sakafu zote nchini zikaguliwe, kuanzia za shule, na zitakazoonekana hazilingani na viti vyetu zichongwe.

(e) Na kama hayo yote hayawezekani, basi Jumatatu saa mbili asubuhi wajumbe wasimame dakika moja kimya kwa ajili ya Kitabu. Wasimame, wasikae. Nimeshaeleza sababu.

Nisalimieni wajumbe wote, katibu, mpiga chapa aliyelichapa toleo jipya (yeye hana kosa, alipewa kazi), dereva, na anayewaletea chai. Mke wangu pia anawasalimu, ingawa hajui nawaandikia. Nabaki kuwa mtunzaji wenu mtiifu wa kile mlichokitupa,

(sahihi, na muhuri: NAKALA HALALI)
Mwakilishi wa Uongozi kwa Mambo ya Ubora,
Kiwanda cha Viti na Madawati.

Nyongeza baada ya sahihi. Ijumaa, saa tisa alasiri.

Ndugu Mwenyekiti, leo asubuhi, kabla sijaifunga bahasha, niliona ni vizuri kunukuu kifungu kimoja cha Kitabu chenyewe ili mjue mnachokipoteza. Niliandika jina langu katika daftari la wafunguaji, nikafungua juzuu ya tatu, mahali popote. Nanukuu kama ilivyo.

"Kiti kikandwe kwa mikono safi mpaka kiwe laini, kisha kikatwe kwa umbo la duara au nyota." Ukurasa unaofuata: "Kiti kiwekwe kwenye tanuri kwa dakika kumi na mbili, mpaka kiwe na rangi ya dhahabu." Na zaidi: "Kiti kikishapoa kionjwe. Kiti chenye ubora humumunyuka mdomoni. Viti vilivyovunjika vitiwe kwenye mifuko midogo, viuzwe kwa watoto." Nilisoma nimesimama mpaka chai ikapita. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja mshauri alichoka, akasahau kubadilisha, na pale pameandikwa wazi: biskuti.

Nikayaelewa mayai. Nikalielewa na tanuri.

Nilishuka karakana na juzuu mkononi. Mpwa wangu alikuwa sakafuni na rula yake. Nilimwonyesha ukurasa. Hakushtuka. Akaniambia, "Najua, Mjomba. Nilikisoma chote chini ya meza, ukienda chai." Alikuwa na miaka tisa, akaamini kwamba viti vinaokwa, na ndiyo maana nilimkuta akilamba mguu wa kiti: alikuwa anakagua. Ni mimi niliyemkaripia mkaguzi pekee aliyewahi kukifuata Kitabu. Alipokua akaelewa, na hakumwambia mtu, hata mama yake. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema alikuwa anasubiri njia ambayo Kitabu kingetoka bila mtu kuhitaji kukifungua. Mlipotoa toleo lisilohitaji Kitabu, alishukuru sana, akaiomba kazi hii mwenyewe.

Kwa hiyo lile neno alilonitamkia kikaoni kwa upole, lililoniuma, ndilo lililokuwa linanisitiri. Sikujua pa kuangalia. Nililia kidogo, na Kipara akawasha msumeno bila kukata kitu, ili watu wasinisikie.

Baadaye nilipanda juu nikakiondoa kijiti. Dirisha likajibamiza. Nikashuka nacho, nikakilaza kando ya mguu wa nyuma wa kushoto wa kiti cha jana. Kilizidi kwa upana wa kidole, kama alivyosema. Niliukata mguu ule kwa mkono wangu mwaka nilipoumia, na niliuchukua siku ile kwa sababu nilitaka kitu kimoja cha karakana kiwe karibu nami; kidogo kidogo nikasahau kwamba ni mguu. Kipara aliushika upande ule, mimi upande huu, tukauzungushia penseli, tukakata mpya. Tukaufunga kwenye kiti. Nikakaa. Nikahamisha uzito kulia, nikahamisha kushoto. Hakikulia.

Mafundi walisema mguu wa kwanza usipotee tena, nikaugonga muhuri: NAKALA HALALI. Mpwa wangu akanyoosha mkono wake kama zamani, nikamgonga na yeye.

Sasa kuhusu barua hii. Maombi yote, (a) mpaka (e), nayaondoa, isipokuwa lile la wagonjwa wa zahanati, maana kuna mtu lazima awaambie kwamba si wagonjwa. Ningeichana barua yenyewe, lakini nimeshaiingiza katika daftari la barua zitokazo, na utaratibu namba 12, niliousimamia mimi, unakataza kuharibu waraka wenye namba. Kwa hiyo naituma kama ilivyo, na nawaomba muichane ninyi huko kwa niaba yangu. Msihangaike kujibu. Simu ya Chumba Namba Nne haitakuwa na mtu wa kuipokea. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa chini karakana, nimevaa aproni ya kijani, nakata miguu.